Kugeuza maneno kuwa masharti ya aljebra: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mwaka, karibu kwa maneno yale yale. Yanatoka kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, kwa wazazi wanaokaa na watoto wao jioni, na kwa watu wazima wanaojiandaa kurudia mtihani wa hisabati. Wengi wao wanajua kuhamisha namba kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na grafu wanaichora vizuri. Wanakwama mapema zaidi, kwenye aya ya maneno. Alama ikikosewa pale, kazi yote inayofuata inakuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana nimekaa zaidi kwenye maneno kuliko kwenye ukokotoaji.

## Misingi

1. Sharti ni nini, na lina tofauti gani na mlinganyo?

Mlinganyo unasema pande mbili ni sawa. Daftari 3 za shilingi 1,400 na kalamu 2 za shilingi 600 zinagharimu shilingi 5,400 kamili. Kutolingana kunasema upande mmoja usiuzidi mwingine: nina shilingi 5,400 mfukoni, kwa hiyo nitakachonunua kisivuke hapo. Idadi ya daftari ikiwa d na idadi ya kalamu ikiwa k, tunaandika 1,400d + 600k ≤ 5,400.

Kutolingana kunapotokana na hali halisi, yaani fedha, muda, nafasi, ardhi au sheria, tunakuita sharti. Swali moja linaweza kuwa na masharti manne au matano, na jibu halikubaliki mpaka liyatii yote kwa pamoja. Anayekwenda dukani na elfu tano hatafuti namna ya kuimaliza yote; anaangalia tu asivuke. Kwa hiyo mawazo haya unayo tayari, kinachobaki ni kuyaandika.

2. Nianze na nini nikishasoma swali?

Anza na herufi, na uiandikie maana yake kwa sentensi kamili pamoja na kipimo. "k = kuku" haitoshi. Je, ni idadi ya kuku, bei ya kuku mmoja, au kilo za nyama ya kuku? Andika "k ni idadi ya kuku watakaonunuliwa". Mstari huo mmoja unaokoa alama nyingi kuliko hila yoyote ninayoijua, kwa sababu ukifika katikati ya kazi na kusahau herufi inasimamia nini, utaanza kujumlisha kuku na shilingi bila kushtuka.

Kisha rudi kwenye swali na ulisome sentensi moja moja. Kila sentensi iulize: hii inakataza nini? Isiyokataza chochote ni maelezo tu, au ndiyo inayotaja lengo (tazama swali la 9).

3. Maneno gani yanakwenda na alama gani?

Haya ndiyo yanayojitokeza zaidi:

- Alama ≥: angalau, walau, isipungue, si chini ya, kuanzia, ametimiza, kima cha chini ni
- Alama ≤: isizidi, si zaidi ya, hadi, isivuke, kima cha juu ni, ana … tu
- Alama >: zaidi ya, kupita, kuzidi
- Alama <: chini ya, pungufu ya, haijafika

Tofauti ya ≥ na > ni kile kistari cha chini, na katika Kiswahili kistari hicho hukaa ndani ya neno. Ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania inampa haki ya kupiga kura raia "aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane". Kutimiza ni kufika, kwa hiyo u ≥ 18: aliyefikisha miaka 18 leo asubuhi amo. Lingekuwa "aliyezidi", mtu huyo angebaki nje. Ibara ya 39 inatumia neno hilo hilo kwa mgombea urais, na namba yake ni 40.

4. Kwa nini nageuza alama kila ninapokutana na "angalau" kwenye mtihani?

Kwa sababu mtihani mwingi wa sekondari huja kwa Kiingereza, na maneno yake yana mtego wa sikio. Swali linasema "at least", sikio linashika "least", akili inasema "ndogo", mkono unaandika <. Kwenye "at most" mambo yanakwenda kinyume: sikio linashika "most", mkono unaandika >. Nimeona kosa hili kwa wanafunzi wanaozungumza Kiingereza vizuri kabisa, kwa hiyo usidhani ni suala la kujua lugha.

Dawa ni kupita kwenye Kiswahili kabla ya kugusa alama. "At least" ni *isipungue*, na "at most" ni *isizidi*. Maneno haya mawili yanataja waziwazi kilichokatazwa. Kupungua kumekatazwa, basi kuongezeka ruksa, ≥. Kuzidi kumekatazwa, basi kupungua ruksa, ≤. Andika *isipungue* au *isizidi* kwa penseli juu ya neno la Kiingereza kwenye karatasi ya maswali, ndipo uendelee.

5. Nitajuaje kwamba nimeandika alama sahihi?

Ijaribu kwa namba, na ujaribu mara mbili: mara moja kwa mfano unaotii hadithi, mara ya pili kwa mfano unaoivunja. Watu wengi huishia kwenye ule wa kwanza, na hapo ndipo kosa linapopita.

Chukua sentensi hii: "Kuku wawe angalau mara mbili ya bata." Wanafunzi hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoandika k ≥ 2b, na wapo wanaoandika 2k ≥ b kwa sababu neno "kuku" limekaribiana na "mara mbili". Tujaribu kuku 25 na bata 10, jambo ambalo hadithi inaliruhusu. Kwa k ≥ 2b tunapata 25 ≥ 20, kweli. Kwa 2k ≥ b tunapata 50 ≥ 10, nayo kweli. Hatujagundua chochote.

Sasa jaribu kuku 12 na bata 10. Hadithi inakataa, maana wangehitajika kuku 20. Kwa k ≥ 2b tunapata 12 ≥ 20, si kweli, na hivyo ndivyo tulivyotaka. Kwa 2k ≥ b tunapata 24 ≥ 10, kweli! Sharti hili limeruhusu kilichokatazwa, kwa hiyo ni baya. Jaribio hili huchukua nusu dakika. Ningeweza kumfundisha mwanafunzi jambo moja tu katika mada hii yote, ningemfundisha hili.

## Mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho

6. Naomba nione swali zima likigeuzwa kuwa masharti.

Swali: Shule inapeleka wanafunzi 148 na walimu 8 kwenye magofu ya Kaole, Bagamoyo. Zipo Coaster zenye siti 26 za abiria na Hiace zenye siti 13. Kila abiria awe na siti yake. Kila gari liwe na angalau mwalimu mmoja. Mwenye magari ana Coaster 5 tu, ila Hiace anazo za kutosha. Coaster inakodishwa kwa shilingi 250,000 kwa siku, Hiace kwa shilingi 140,000. Shule ikodi magari gani ili itumie fedha kidogo iwezekanavyo?

Herufi kwanza. Idadi ya Coaster zitakazokodiwa ni c. Idadi ya Hiace ni h.

"Kila abiria awe na siti yake." Abiria ni 148 + 8 = 156. Siti zinaweza kubaki tupu, ila zisipungue abiria:
26c + 13h ≥ 156, na ukigawanya kwa 13, 2c + h ≥ 12.

"Kila gari liwe na angalau mwalimu mmoja." Walimu ni 8, kwa hiyo magari yasizidi 8:
c + h ≤ 8.

"Ana Coaster 5 tu":
c ≤ 5.

Na hakuna idadi ya magari iliyo chini ya sifuri: c ≥ 0, h ≥ 0. Zaidi ya hayo, c na h ni namba kamili.

Tafuta sasa yanayotii yote. Coaster zikiwa 3, sharti la kwanza linadai h ≥ 6, lakini la pili linasema h ≤ 5. Haiwezekani, na Coaster zikipungua zaidi hali inazidi kuwa ngumu. Zikiwa 4, la kwanza linasema h ≥ 4 na la pili h ≤ 4, kwa hiyo h = 4. Zikiwa 5, h ni 2 au 3. Yamebaki majibu matatu tu, yakiandikwa (c, h):

(4, 4) inagharimu shilingi 1,560,000.
(5, 2) inagharimu shilingi 1,530,000.
(5, 3) inagharimu shilingi 1,670,000.

Shule ikodi Coaster 5 na Hiace 2. Siti ni 130 + 26 = 156, hakuna hata moja inayobaki tupu. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye swali la 18.

7. Sharti la c + h ≤ 8 limetoka wapi? Sentensi inasema "angalau" lakini alama ni ≤.

Swali zuri, na ndilo linalowasumbua hata wanafunzi hodari. "Angalau" hapa linawahusu walimu ndani ya gari moja: walimu wa gari lolote ≥ 1. Magari yakiwa c + h, walimu wanaohitajika ni c + h au zaidi. Walimu waliopo ni 8, kwa hiyo mahitaji yasizidi kilichopo: c + h ≤ 8. Neno limewekwa kwa walimu, lakini mzigo umeangukia kwa magari.

Sentensi ikiwa na muundo wa "kila … kiwe na angalau …", usikimbilie kuandika ≥. Jiulize kwanza ni kitu gani kilicho na kikomo. Kisha pitisha jaribio la swali la 5: magari 9 na walimu 8, je, hadithi inaruhusu? Hairuhusu, kwa sababu gari moja litaondoka bila mwalimu. Sharti lako lazima likatae 9.

8. Je, ni lazima kuandika c ≥ 0 na h ≥ 0? Si jambo linalojulikana?

Wewe unajua, grafu haijui. Usipoandika, eneo la majibu, yaani sehemu ya grafu inayotii masharti yote, litamwagika hadi upande wa namba hasi, na msahihishaji anaweza kukukata alama. Tahadhari moja tu: si kila herufi lazima iwe chanya. Halijoto, au faida inayoweza kugeuka hasara, zinaweza kushuka chini ya sifuri.

9. Gharama iko wapi? Kwa nini haimo kwenye masharti?

Kwa sababu "fedha kidogo iwezekanavyo" haikatazi kitu. Ni lengo. Lengo huandikwa peke yake, G = 250,000c + 140,000h, na hutumika mwishoni kupima majibu yaliyokwisha kutii masharti.

Ila swali lingeongeza kwamba "shule ina shilingi 1,600,000 tu kwa usafiri", fedha zingekuwa sharti pia: 250,000c + 140,000h ≤ 1,600,000, ambalo ukigawanya kwa 10,000 linakuwa 25c + 14h ≤ 160. Kwa (5, 3) tungepata 125 + 42 = 167, na jibu hilo lingetoka. Jambo lile lile moja, mara lengo, mara sharti. Tofauti ni kama kuna namba isiyopaswa kuvukwa.

## Mitego ya maneno na namba

10. Swali likiwa na asilimia ya mchanganyiko, naandikaje?

Asilimia ya nini? Ndilo swali la kujiuliza. Mfugaji anachanganya kilo p za pumba na kilo d za dagaa, na "dagaa wasipungue asilimia 20 ya mchanganyiko". Wengi huandika d ≥ 0.2p. Hiyo ni asilimia 20 ya pumba. Mchanganyiko ni p + d, kwa hiyo:

d ≥ 0.2(p + d)
d ≥ 0.2p + 0.2d
0.8d ≥ 0.2p
4d ≥ p

Kwa maneno ya mfugaji: pumba zisizidi mara nne ya dagaa. Pima kwa kilo 100, dagaa 18 na pumba 82. Hadithi inakataa, maana 18 ni chini ya 20. Sharti sahihi linasema 72 ≥ 82, si kweli, limekataa. Lile baya linasema 18 ≥ 16.4, kweli, limepitisha chakula chenye upungufu, na kuku watalipia.

11. Vipimo vikichanganyika je?

Badilisha kabla ya kuandika sharti. Fundi ana saa 8, shati linachukua dakika 40 na suruali dakika 60: andika 40s + 60r ≤ 480. Ukiandika ≤ 8, hatashona hata shati moja.

12. Alama inageuka lini?

Unapozidisha au kugawanya pande zote mbili kwa namba hasi. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi kitu.

Tanki lina lita 1,000, nyumba inatumia lita 120 kwa siku, na mwenye nyumba hataki maji yashuke chini ya lita 280. Siku zikiwa s:

1,000 − 120s ≥ 280
−120s ≥ −720
s ≤ 6

Kama umesahau kugeuza utapata s ≥ 6, yaani kadiri siku zinavyopita ndivyo mambo yanavyokuwa salama zaidi, na tanki halijazwi! Soma jibu lako kwa sauti kama habari ya tanki hilo, na kosa litajitaja lenyewe. Unaweza pia kukwepa hatari kwa kuhamishia 120s kulia: 720 ≥ 120s.

13. "Tofauti kati ya wavulana na wasichana isizidi 3." Nimeandika w − s ≤ 3. Mbona nimekosa?

Umeandika nusu. Sharti lako linazuia wavulana kuwazidi wasichana kwa zaidi ya 3, lakini linaruhusu wavulana 2 na wasichana 40, maana 2 − 40 = −38, na −38 ≤ 3. Sentensi haikusema nani awe mwingi, kwa hiyo inahitaji masharti mawili: w − s ≤ 3 na s − w ≤ 3. Unaweza kuyaunganisha: −3 ≤ w − s ≤ 3.

14. "Kati ya 5 na 10": je, 5 na 10 zimo?

Kiswahili cha kila siku hakisemi. "Kuanzia 5 hadi 10" linazijumuisha zote mbili bila shaka. "Zaidi ya 5 na chini ya 10" linazitoa. Ukikutana na "kati ya" tupu kwenye mtihani, andika umeichukuliaje, kwa sentensi moja, kisha endelea kwa msimamo huo mpaka mwisho.

## Grafu

15. Mstari mzima au wa kukatika?

≤ na ≥ huchorwa kwa mstari mzima, maana mpaka wenyewe umo. < na > huchorwa kwa mstari wa kukatika.

16. Nitie kivuli upande upi?

Chora mstari kama vile ni mlinganyo, kisha jaribu pointi moja isiyo juu yake. (0, 0) ndiyo rahisi. Kwa 2c + h ≥ 12 tunapata 0 ≥ 12, si kweli, kwa hiyo upande wenye (0, 0) hautakiwi.

Sasa, kutia kivuli upande unaotakiwa au usiotakiwa ni suala la maelekezo, yasome. Mitihani ya Kenya mara nyingi huagiza kutia kivuli upande usiotakiwa, na mimi napendelea njia hiyo popote penye masharti mengi: mwishoni eneo la majibu linabaki jeupe, safi, na kona zake zinaonekana. Ukitia kivuli panapotakiwa kwa masharti matano, unabaki unatafuta mahali palipopakwa mara tano.

17. Kwa nini tunapima kona tu?

Kwenye grafu, jibu bora hutafutwa kwa kupima lengo kwenye kona za eneo la majibu. Kuona sababu, chukua rula, ilaze juu ya grafu kwa mwinamo wa mstari wa gharama, kisha isogeze polepole bila kubadili mwinamo. Kila rula inapokaa ni kiwango kimoja cha gharama. Mahali pa mwisho inapogusa eneo la majibu kabla ya kuliacha ni kona, au ni ukingo mzima wenye kona mbili, na hapo kona zote mbili zina gharama moja. Fanya jambo hili kwa mkono wako mara moja. Maelezo ya maneno hayafikii kuiona rula ikiliacha eneo.

## Hali za pembeni

18. Nimepata jibu lenye desimali na swali linahusu magari au watu. Nikadirie juu au chini?

Sharti ndilo linaloamua, si ile kanuni ya "nusu na kuendelea". Ukihitaji siti za watu 100 kwa Hiace za siti 13, unapata 7.69, nawe unachukua 8. Ukiwa na shilingi 5,400 na daftari ni 1,400, unapata 3.86, nawe unanunua 3. Sharti la ≥ linakusukuma juu, la ≤ linakushusha chini.

Herufi zikiwa mbili, kukadiria kona kunaweza kukutoa nje ya eneo la majibu, au kukuacha kwenye jibu lisilo bora. Rudi kwenye safari ya Kaole. Mwanafunzi mmoja akiongezeka, abiria ni 157, na 26c + 13h ≥ 157 linakuwa 2c + h ≥ 12.08 hivi. Upande wa kushoto ni namba kamili daima, kwa hiyo kwa kweli linasema 2c + h ≥ 13. Jaribu (4, 5): magari 9, walimu 8, haiwezekani. Jaribu (5, 3): inatii. Ndiyo pekee iliyobaki. Mwanafunzi mmoja amepandisha gharama kutoka 1,530,000 hadi 1,670,000, yaani bei ya Hiace nzima.

19. "Zaidi ya nusu" naandikaje wakati kitu hakigawanyiki?

Andika > kwanza, kisha ruka hadi namba kamili inayofuata. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 138, inatoa mfano mzuri. Mgombea urais hutangazwa mshindi akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zilizo zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, nusu yake ni 23.5, kwa hiyo n > 23.5, yaani n ≥ 24. Ndani ya kila kaunti alama ni ≥: asilimia 25 kamili inatosha. Kwa kura za nchi nzima alama ni >: nusu kamili haitoshi. Aya moja fupi ina alama mbili, na nchi nzima inazisubiri.

20. Na "isizidi theluthi mbili ya jinsia moja"?

Katiba hiyo hiyo, ibara ya 27, inataka wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Wanafunzi huandika sharti moja, la wanaume. Lakini sentensi haitaji jinsia gani, kwa hiyo ni mawili, kama kwenye swali la 13. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Theluthi mbili ni 232.67, kwa hiyo wa jinsia yoyote wasizidi 232, jambo ambalo ni sawa na kusema wa jinsia nyingine wasipungue 117. Sharti la "isizidi" kwa upande mmoja limezaa "isipungue" kwa upande wa pili.

21. Neno "au" nalishughulikiaje?

Kwa uangalifu. "Hulipi nauli ukiwa na umri chini ya miaka 5 au zaidi ya 60" ni u < 5 au u > 60. Usiandike 60 < u < 5, maana hakuna mtu wa umri huo. Masharti ya "na" yanakutana kwenye eneo moja. Ya "au" yanaacha maeneo mawili tofauti.

22. Bei ikishuka ukinunua nyingi?

Sharti moja halitoshi. Ligawe swali: kwanza fanya kana kwamba unanunua kiasi kisichofika punguzo, kisha fanya kana kwamba umefika, halafu linganisha majibu mawili.

23. Nimechora na hakuna eneo la majibu. Nimekosea?

Huenda, kwa hiyo rudia jaribio la swali la 5 kwa kila sharti. Yakipita yote, basi "haiwezekani" ndilo jibu. Mwenye magari angekuwa na Coaster 3 tu, safari ya Kaole isingewezekana: h ≥ 6 na h ≤ 5 haviketi pamoja. Hiyo ni taarifa muhimu kwa mwalimu mkuu. Anajua atafute Coaster nyingine au walimu wengine wawili (mmoja hatoshi, maana naye anahitaji siti), na anajua wiki mbili kabla, si asubuhi ya safari.

Kuna pia sharti lisilofanya kazi. Ukiambiwa "Hiace zisizidi 10" wakati magari yote hayazidi 8, liandike, lakini halitakata kitu kwenye grafu.

## Zilikotoka na zinakotumika

24. Nani alianzisha alama hizi?

< na > zilichapishwa mwaka 1631 katika kazi ya Mwingereza Thomas Harriot, aliyekuwa amefariki miaka 10 kabla. Alama zilizoongezewa kistari cha usawa zilitumiwa na Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734.

25. Kuna anayetumia haya nje ya darasa?

Sana. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, alichapisha njia ya kupanga kazi za kiwanda kwa masharti ya namna hii, baada ya kuletewa swali na kiwanda cha mbao za plaiwudi. Mwaka 1947 George Dantzig wa Marekani alipata njia ya kutembea kutoka kona moja hadi nyingine hata herufi zikiwa nyingi kiasi kwamba grafu haichoreki. Kantorovich alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Tjalling Koopmans.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa chakula. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler aliuliza ni kwa fedha kiasi gani mwanaume mmoja anaweza kula mwaka mzima bila kukosa virutubisho. Alichukua vyakula 77 na masharti 9 ya "isipungue", kuanzia kalori na protini hadi vitamini. Kwa kukadiria alifika dola 39.93 kwa bei za 1939. Mwaka 1947 swali lake lilitumika kujaribu njia ya Dantzig: makarani 9 wenye mashine za kukokotolea walilifanyia kazi iliyofikia siku-kazi 120, wakapata dola 39.69. Stigler alikosea kwa senti 24 tu.

Angalia alichokipata: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Maharage peke yake yalikuwa ratili 285 kwa mwaka, karibu kilo 129. Hesabu haikuwa na sababu ya kuikataa orodha hiyo, maana hapakuwa na sharti hata moja kuhusu ladha wala kuchoka na chakula kimoja. Ukitaka mlaji huyo asipikiwe maharage zaidi ya mara 3 kwa wiki, andika "m ni idadi ya milo ya maharage kwa wiki", kisha m ≤ 3, na uanze kukokotoa upya.